Nani Amebaki na Maji

Kwenye karakana yetu pale Bariadi hakuna aliyeruhusiwa kugusa swichi ya kubadili uendeshaji wa mashine kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia uende kwenye swichi, wa kushoto ukae tayari kwenye kitufe cha maji. Ukienda na mmoja, Mwalimu alikuona hata kama amekupa mgongo anazungumza na mteja mlangoni. Hakupiga kelele. Aliikatisha sentensi yake katikati, akageuka, akaja kusimama karibu yako kimya mpaka mkono wa pili upande wenyewe. Kisha alirudi mlangoni na kuiendeleza sentensi ileile pale ilipokatikia.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu kabla ya kuja kusimamia karakana alikuwa amefundisha miaka mingi chuo cha ufundi, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Wateja wa vijijini walimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mwenye karakana, aliyeishi Mwanza na kutuongoza kwa simu, alimwita Madamu. Mwenyewe akiulizwa yeye ni nani pale, alisema, "Mimi ndiye ninayeshughulika na hiyo mashine," huku akiielekeza kwa kidevu, kama mtu anayeonyesha mkwe asiyefaa kunyooshewa kidole.

Mashine yenyewe ni ya kukereza vyuma kwa kuongozwa na kompyuta. CNC, ndivyo mafundi tunavyoiita. Unaiandikia maelekezo, inakamata chuma, inakizungusha, na kisu kinasogea chenyewe kukikata mpaka kinakuwa shafti, au pini, au bushi. Mimi nilifika pale nikiwa mtu mzima, nimeshakereza Maswa kwa mashine za mkono hadi nywele za mikono zikaungua kwa cheche. Nilidhani chuma nakijua. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya ile mashine yenye milango ya kioo nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyealikwa nyumba yenye zulia naye amevaa viatu vya shambani.

Mwalimu alinianzishia kwenye maji. Alinionyesha kwamba mashine ikijiendesha kwa programu, programu yenyewe ndiyo inayoamuru maji ya kupoza yafunguke juu ya kisu, na ndiyo inayoamuru yafungwe. Lakini kuna nyakati fundi anaisimamisha na kuichukua kwa mkono, kutazama kitu, kubadili kisu, kurudi nyuma kidogo. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanahamisha uendeshaji, wanaanza kukata, na wanadhani maji yatakuja kwa sababu dakika chache zilizopita yalikuwepo.

"Programu ilikuwa inakukumbukia maji," alisema. "Ukiipokonya kazi, umeipokonya na kumbukumbu. Sasa jiulize, nani amebaki na maji?"

Hilo swali lilikuwa lake. Alikuuliza ukihama kutoka programu kwenda mkono, akakuuliza tena ukirudi. Alikuuliza pia ukitaka kuanzisha programu katikati badala ya mwanzoni, kwa maana mstari unaofungua maji mara nyingi uko mwanzoni, na wewe umeuruka. Likatuingia mdomoni wote. Mtu akitoka kwenda kula, tunamuuliza nani amebaki na maji. Masanja, fundi umeme wetu, mke wake alipojifungua, tulimwuliza hivyohivyo hospitalini, na muuguzi akatushangaa.

Mafuta nayo yalikuwa na ibada yake. Reli ambazo meza ya mashine inatelezea hulishwa mafuta kidogokidogo, na kompyuta ndiyo inayopanga lini. Mashine ikilala siku za sikukuu, utando wa mafuta unashuka na reli zinabaki kavu. Wengine wangewasha na kuanza kusukuma. Mwalimu aliwasha, akabonyeza kitufe cha mafuta, akangoja, akabonyeza tena. Kisha alipitisha kidole juu ya reli na kukipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kama hakikung'aa, hakuna kazi. Nimewahi kumwona mteja mwenye haraka naye akiinama kukitazama kidole hicho, akingoja hukumu kama sisi.

Nikimfikiria sasa, kinachonishangaza ni jinsi masikio yake yalivyogawanyika. Kwenye mashine alisikia reli iliyoanza kukauka kabla kompyuta haijatoa onyo lolote. Aliweza kunyamazisha karakana nzima kwa kuinua kiganja, akasema, "Pampu inavuta hewa," na ukifungua tangi unakuta kweli maji yamepungua. Lakini kanisani, kwenye kwaya ya Kikatoliki aliyoipenda kuliko chakula, alikuwa anaimba nje ya sauti kabisa. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole, alimsogeza nyuma mwaka hadi mwaka mpaka akawa anaegemea ukuta. Mwenyewe alijua. Aliwahi kuniambia, "Mimi naimba vibaya, baba, lakini sijawahi kuchelewa mazoezi." Alisema hivyo bila huzuni, kama anayesoma kipimo.

Halafu, Msukuma yule, aliyezaliwa kwenye nyumba ya wafugaji, aliogopa ng'ombe. Si kidogo. Kundi likipita barabarani mbele ya karakana, Mwalimu alikumbuka ghafla kuna kitu stoo. Tulicheka, lakini tulicheka baada ya yeye kuingia.

Kuna mzee mmoja mfugaji alileta mhimili wa mkokoteni wake uliovunjika. Alisimama kwenye kioo akatazama mashine ikifanya kazi. Maji ya kupoza huchanganywa na mafuta maalumu, na yakichanganyika huwa meupe pepepe. Mzee aliyaona yakimwagika juu ya chuma bila kukoma, akashika kichwa.

"Mayu," alisema, "mnakimwagia chuma maziwa? Watoto wameisha?"

Sisi tuliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliisimamisha mashine, akafungua mlango, akachota kidogo kwenye kikombe na kumpa mzee anuse. Alimweleza kwamba chuma kikikatwa kinapata homa, na kikiwa na homa kinavimba. Ukikipima wakati huo kinakudanganya, kikipoa kinakuwa kingine. Mzee alisikiliza kwa makini. Kulikuwa na wageni wa ofisini wamevaa suti wanamsubiri Mwalimu kwenye benchi, na walisubiri mpaka mzee alipomaliza maswali yake yote. La mwisho lilikuwa kama maji hayo nayo huchacha.

"Yanachacha, baba. Yakichacha yananuka kuliko maziwa."

"Basi ni maziwa," mzee alihitimisha, na Mwalimu akakubali kwamba kwa upande huo, ni maziwa.

Na kweli aliyatunza kama mwenye maziwa. Maji ya kisima pale mtaani yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, na mchanganyiko ukitengenezwa nayo unagawanyika. Kwa hiyo alifunga mabomba kwenye paa la karakana akavuna maji ya mvua kwenye matangi, na maji hayo hakuna aliyeruhusiwa kunawia hata mikono. Wakati wa kiangazi, maji yanapokauka na kuacha mafuta mengi mno, aliyapima kila asubuhi na kuyaongeza. Kila Jumatatu alifunua tangi la mashine na kunusa, macho amefumba. Nilikuwa namwona kama mtu anayesali. Siku hizi nafanya hivyo mwenyewe, na kweli inakaribia sala.

Uvumilivu ule aliokuwa nao kwa mzee wa mkokoteni, sisi hatukuuonja. Kwetu alikuwa mkavu. Hakuwahi kuniambia kazi yangu ni nzuri. Nikimletea kitu nilichokereza, alikipima, akakiweka mezani, akaondoka. Kikiwa kibaya, alikipima mara ya pili. Tuliishi kwa kusikiliza kama atachukua kipimo tena.

Lakini nataka kusimulia ile siku ya shafti, kwa sababu ndiyo ilinifanya nimwone upya.

Msimu wa pamba ulikuwa unaelekea ukingoni. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande wa Maswa kilivunjikiwa shafti ya mtambo mkubwa, ile inayobeba misumeno. Malori na matela yaliyojaa pamba yalikuwa yamepanga foleni nje ya kiwanda, mengine hayana hata turubai, na mawingu yalishaanza kujikusanya mapema kuliko kawaida. Meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe na kipande cha chuma kipya nyuma ya gari. Chuma cha unene ule kilikuwa hicho tu; kingine kingetoka Dar es Salaam.

Kazi ilikwenda vizuri hadi mchana. Ilibaki sehemu ya mwisho, pale beringi inapokaa, ambapo kosa la unene wa unywele linatosha kuharibu kila kitu. Kisu kiko katikati ya kukata, umeme ukakatika.

Masanja aliwasha jenereta haraka na taa zikarudi. Meneja alikuwa ameshasimama. "Haya, endeleeni," alisema, na hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyechoka, vumbi la njia nzima liko kwenye nyusi zake.

Mwalimu alibonyeza mafuta ya reli kwanza, akangoja. Akaweka mashine kwenye uendeshaji wa mkono na kukirudisha kisu nyuma taratibu mno, kwa sababu ncha ilikuwa imebaki imeuma kwenye chuma. Ncha ilikuwa imemeguka. Akaibadili. Akairudisha mashine kwenye sehemu yake ya kuanzia, akachagua mstari wa programu wa kuanzia, na kabla ya kuanza akafungua maji kwa mkono, kama tulivyomzoea.

Maji yakatoka yanadondoka. Tone, tone, kama bomba la kijijini.

"Yametosha," meneja alisema. "Hata bila hayo. Ni kipande kidogo tu kilichobaki, mama."

Mwalimu aliyatazama yale matone. "Hayatoshi."

"Mama, nina watu kule. Pamba yao iko nje."

"Nimeelewa. Nikikata hivi, chuma kitapata joto. Kitavimba, nitakipima kiko sawa, na kikipoa kitakuwa kimepungua. Beringi itacheza. Utarudi hapa na shafti iliyokufa, na chuma kingine hakipo."

Meneja akatoka nje akapiga simu. Baada ya muda kidogo simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa mwenye karakana, kutoka Mwanza. Mwalimu aliweka sauti ya wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta, kwa hiyo sote tulisikia.

"Madamu, kata. Huyu ni mteja mkubwa. Ninakuamuru, kata."

Mwalimu aliisogelea simu.

"Bosi," alisema, "kama unataka kukata, njoo ukate. Mimi nangoja maji."

Simu ilikatwa upande wa pili. Yeye akaegemea mlango wa tangi, akaweka kiganja juu ya pampu, akatulia. Kisha akamwita Masanja. "Hii pampu inazunguka, lakini inazunguka kinyume. Jenereta uliifungaje?"

Masanja alifikiri, na uso ukambadilika. Alikuwa ameifanyia jenereta matengenezo juzi yake, na waya wakati wa kurudisha zilipishana. Mashine kuu ina vifaa vyake vya kujirekebisha, haikujali. Pampu ndogo ya maji ndiyo iliyogeuzwa, ikawa inasukuma maji nyuma badala ya mbele. Ikabidi kuzima kila kitu, kufungua sanduku la jenereta, kubadilisha nafasi za waya, kuwasha upya. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimezimwa, Mwalimu alianza upya pia: mafuta, kungoja, kidole kwenye mwanga, mkono huu hapa, mkono huu pale.

Wakati Masanja amejikunja kwenye sanduku, tulisikia mvua ikipiga paa. Mvua ya kweli, ile ya Simiyu inayokuja kama imetumwa. Meneja alikaa kwenye benchi akafunika uso. Mwalimu alikwenda akamimina chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akamwekea karibu ya goti.

Alipofungua maji mara hii, yalimwagika meupe, mengi, yakafunika kisu chote. Akabonyeza kuanza. Ilichukua muda mfupi tu, chini ya muda wa kunywa ile chai. Kisha alikataa kukipima mpaka kipoe. Tulikaa pale tukikitazama chuma. Alipochukua maikromita na kupima, alipima mara moja, akakiweka mezani, akaondoka.

Shafti ilikaa. Kiwanda kilifunguka jioni ileile. Lakini matela yaliyokuwa mwisho wa foleni yalikuwa yameloa, na pamba iliyoloa haipokelewi. Inabidi irudishwe, ianikwe upya, ichambuliwe kwa mkono. Habari hiyo ilitufikia kesho yake. Mwenye karakana hakupiga simu wiki nzima, na tulijua anamtafutia Mwalimu mbadala. Hakumpata, au hakupata ujasiri, sijui.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliniuliza kama naelekea nyumbani Maswa. Nikasema ndiyo. Akasema tufuatane. Nilidhani anakwenda kiwandani kuitazama shafti yake. Tulipofika, badala ya kuingia alimwuliza mlinzi wa getini ni wakulima gani ambao pamba yao ililoa, na tukatembea mpaka kwenye uwanja wa nyumba moja ambako mama mmoja na wanawe walikuwa wameitandaza pamba juu ya maturubai.

"Mwangaluka, mayu," Mwalimu alimsalimia kwa Kisukuma, kisha akajitambulisha.

Yule mama alinyooka. "Wewe ndiye mwenye ile mashine iliyotuchelewesha?"

"Ndiye mimi."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. Nilijiandaa kwa matusi. "Haya," alisema. "Shika upande huo."

Tukashika. Tulishinda pale tukigeuza pamba, tukitoa iliyoanza kugeuka rangi. Mchana tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa chai, na katika kula yule mama akauliza, si kwa ugomvi, "Ungekata bila hayo maji, ingekuwaje?"

"Labda ingefaa," Mwalimu alisema.

Niliacha kutafuna.

"Labda?"

"Labda, mayu. Na labda ingeharibika mkose kiwanda mpaka msimu uishe. Sikuwa na uhakika. Ningekuwa na uhakika ingekuwa rahisi."

Yule mama alitafakari. Akamsogezea sahani. "Gete," alisema, yaani ni kweli. "Kula, basi. Kazi bado ipo."

Mimi niliyekuwepo karakanani siku ile nilikuwa nimeiona sura yake ikiwa kama chuma chenyewe. Nilidhani alijua. Nilidhani watu kama yeye wanajua, ndiyo maana wanaweza kusimama. Kumbe alisimama katika labda, mbele ya meneja, mbele ya bosi, mvua ikipiga paa, akijua kuna watu ambao pamba yao inaloa kwa sababu ya neno lake. Na baadaye akaja kuigeuza hiyo pamba kwa mikono yake. Tuliporudi barabarani jioni niliogopa kutembea sambamba naye. Nilitembea nyuma kidogo.

Alistaafu bila sherehe. Alikabidhi funguo, akatuambia tusile karibu na mashine, akaondoka kwenda kwao Busega. Miaka ikapita. Nilipata habari zake kwa vipande: kwamba yuko mzima, kwamba amemzika kaka yake, kwamba anaishi Nyashimo, hukohuko Busega, karibu na barabara kuu.

Mwaka huu nilipeleka mzigo Nyashimo, na baada ya kuushusha nikaulizia kwake. Wakanielekeza uwanja wa nyuma ya soko. Nikasikia pikipiki kabla ya kuona chochote, ikinguruma kisha inazimika, inanguruma kisha inazimika. Halafu nikamwona. Mwalimu, amevaa suruali chini ya gauni, kofia kubwa ya pikipiki kichwani, vumbi jekundu limempaka upande mzima kuanzia bega hadi kifundo. Mpwa wake, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, alikuwa anakimbia pembeni anahema, anasema, "Shangazi, klachi! Klachi, shangazi!"

Alinitambua, akasimama. Kusimama kwenyewe karibu kumwangushe.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Najifunza," alisema, kana kwamba nimeuliza jambo la wazi. Alivua kofia. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. "Dada yangu yuko Mwamanyili, mgonjwa. Nikitaka kumwona ni mpaka nimtafute mtu wa kunipeleka, na mtu ana shughuli zake. Nikamwambia huyu anifundishe."

"Anaanguka sana," mpwa alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta mwenzake wa kulalamika.

"Naanguka," Mwalimu alikubali. "Tulipokuwa wasichana baba hakutaka tupande hata baiskeli. Kwa hiyo sina mazoea. Mwili hauelewi bado." Alinyoosha goti, akalisugua, akakunja uso. Kisha alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kitu kama aibu kwenye macho yake. "Unatoka sasa hivi?"

"Nina nafasi."

"Leo nilikuwa nimepanga kwenda mwenyewe. Peke yangu nimeogopa. Huyu amekataa kukaa nyuma."

Mpwa alitazama pembeni. Barabara ya Mwamanyili ilikuwa inaonekana kutoka pale, nyembamba, yenye mawe, ikishuka kuelekea mashamba ya mpunga. Mimi nina mke na watoto. Niliifikiria barabara ile yote, kona kwa kona.

Mwalimu alivaa kofia, akaipiga pikipiki ikawaka. Akasubiri, bila kugeuka, bila kunihimiza.

Nikapanda.